MAUA YA MANJANO YA LUPANGO YETU: TUYAKATE AO TUYAACHE?





Somo la bustani la safari hii lilianza na picha. Katika kitabu cha bioloji, kile cha Kifaransa ambacho tunasoma wanne wanne kwa sababu vitabu ni vichache, kuna picha ya mti mdogo uliojaa maua ya manjano bila jani hata moja. Chini yake wameandika kwamba jina lake ni forsythia, na kwamba huko Ulaya unatoa maua mwanzo wa printemps, ndiyo majira yanayofuata baridi kali. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, na sisi huku tuko na printemps yetu lini?"

Darasa likacheka. Lakini mwalimu hakucheka. Alituonyesha dirisha, akasema: "Muangalie inje. Ile maua ya lupango, inatokaka wakati gani?" Hakuna aliyeweza kujibu. Tunapita pale kila siku asubuhi na jioni, tena wengine tunachana majani yake tukitembea, na hatukujua.

Kulikuwa na sababu ya pili ya kuandika somo hili, nayo ilikuwa ugomvi. Siku ya salongo, kundi la bustani lilitaka kukata lupango yote ili majani yaende kulisha udongo wa mboga. Waimbaji wa korali wakakataa. Walisema ibada ya kufunga mwaka wa masomo inakaribia, na wageni watapita wapi kama maua yamekatwa? Kundi la bustani likajibu: "Maua haiwezi kushibisha mutu." Waliachana kwa hasira. Basi tulipewa kazi ya kuchunguza jambo hili vizuri, na haya ndiyo tuliyopata.

1. PRINTEMPS YA WENGINE, NA YETU

Tuanze na Ulaya. Huko kuna majira manne. Wakati wa baridi kali maji yanaganda, miti mingi inaangusha majani, inakuwa sawa imekufa. Lakini forsythia haikufa. Vichipukizi vya maua ilikwisha kuvitayarisha tangu wakati wa joto, juu ya matawi ya mwaka uliopita. Vichipukizi hivyo vinalala. Sherti vipite kwanza katika baridi ya majuma mengi. Kiisha joto kidogo likirudi, mwezi wa tatu ao wa nne, vinafunguka vyote pamoja, mbele ya majani kutoka. Kwa hiyo mtunza bustani wa huko anafuata sheria moja: forsythia inakatwa baada ya maua, si mbele. Akiikata mbele, ametupa maua yote ya mwaka ule.

Sisi je? Ekweta inapita kusini kidogo ya Butembo, katika njia ya kwenda Lubero. Hapa mchana na usiku vinalingana karibu mwaka mzima, saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili. Butembo iko juu, karibu metri 1700 na zaidi, ndiyo maana asubuhi tunakuja masomo na triko. Lakini hiyo si baridi ya Ulaya. Beni iko chini zaidi, karibu metri 1100, na joto ni kubwa kuliko kwetu. Mtu akipanda forsythia Beni, itangojea baridi ambayo haitakuja.

Kwetu anayeamsha mimea ni mvua. Tuko na mvua ya mwezi wa tatu mpaka wa tano, na ile ya mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja. Katikati, mwezi wa kwanza na wa pili, tena wa sita na wa saba, mvua inapungua. Lupango yetu inakua kwa nguvu wakati wa mvua. Mvua ikianza kupungua, maua yanatoka kwa wingi mpaka kando ya kilima kunakuwa manjano. Ua moja moja utaliona hata miezi mingine kama udongo una maji.

Kwa hiyo jibu la swali la mwenzetu ni hili: tuko na printemps, tena mbili kwa mwaka, na zote mbili zinakuja nyuma ya mvua.

2. JINA NA UKOO WAKE

Mti huu mdogo wa lupango wataalamu wanauita Tithonia diversifolia. Sisi tutaandika titonia. Ni ndugu wa alizeti, ile ambayo wengi wetu tunaita turnesoli. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Watu waliipeleka katika inchi nyingi za joto kwa sababu ya uzuri wa maua yake, kiisha ikatoroka bustani, ikajipandia kando ya barabara. Inaweza kufika metri mbili ao tatu, hata kupita. Katika Kenya ya magharibi wenyeji wanaiita kwa lugha zao "ua chungu". Anayekata majani yake halafu akajisahau akalamba kidole atajua sababu.

Jina Tithonia linatoka katika hadithi ya zamani ya Wagiriki. Tithonus alikuwa kijana aliyependwa na mungu wao wa kike wa mapambazuko. Aliombewa kuishi siku zote, lakini hakuombewa kubaki kijana. Basi akazeeka bila kufa. Diversifolia ni Kilatini, maana yake "yenye majani mbalimbali". Nenda ukaangalie mwenyewe: juu ya mti mmoja utapata jani lenye vidole vitatu, lingine vitano, na karibu na ua utapata jani ambalo halikugawanyika hata kidogo.

Tena jambo hili wengi hawalijui: kile tunachoita ua moja ni maua mengi yaliyokaa pamoja. Lile jani la manjano la pembeni, ambalo watoto wanang'oa moja moja, ni ua zima. Katikati kuna maua madogo madogo sana, membamba sawa mirija, na kila moja linaweza kutoa mbegu yake. Mbegu ni ndogo na nyepesi. Upepo, maji na manyoya ya wanyama yanazibeba.

3. NAMNA YA KUIPANDA

Titonia si mti wa matata. Hata hivyo tuliona wenzetu wengi wakipanda na miti ikifa, kwa sababu walisahau mambo madogo. Tuyahesabu.

a) Wakati. Panda mwanzo wa mvua, mwezi wa tatu ao mwisho wa mwezi wa nane. Ukipanda mwezi wa sita, utakuwa mtumwa wa ndoo na maji.

b) Vijiti. Usichukue ncha laini ya kijani, wala shina la zamani lililokauka. Chukua sehemu ya katikati, iliyokomaa lakini yenye maji. Kata vijiti vya sentimetri 20 mpaka 40, kila kimoja kikiwa na macho matatu ao zaidi.

c) Usivikaushe. Kijiti kilichokatwa asubuhi kipandwe siku ile ile. Kama njia ni ndefu, uvifunike na majani ya mandizi yenye kulowa.

d) Usimamishe ao uinamishe kidogo, macho mawili yaingie katika udongo. Wengine wanalaza kijiti chote ndani ya mfereji sawa muhogo. Titonia iliyolazwa inachipuka vibaya kuliko iliyosimamishwa. Macho yaangalie juu. Ukigeuza kijiti kichwa chini, usishangae kikikataa.

e) Nafasi. Kwa lupango, acha sentimetri 30 mpaka 50 kati ya kijiti na kijiti. Kutoka lupango mpaka mboga, acha metri moja ao zaidi, kwa maana mizizi ya titonia inakula, na kivuli chake kinanyima mboga jua.

f) Mlimani. Wengi wetu tunakaa juu ya milima, na tunaona kila mwaka udongo wetu ukishuka na maji mpaka mtoni. Hapo usipande mstari wa kushuka na mlima. Panda mstari unaokata mlima, usiopanda wala kushuka. Namna ya kuupata ni rahisi: funga miti mitatu kwa umbo la herufi A, tundika kamba yenye jiwe kutoka juu. Mbele ya kuanza, weka A mahali pamoja, utie alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, kiisha ugeuze miguu na utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo alama ya usawa. Kila mara kamba ikipita hapo, miguu miwili iko usawa mmoja. Hii ni fisika ile ile tunayosoma darasani.

g) Mbegu. Unaweza kupanda kwa mbegu pia, lakini usizizike chini sana. Zimwage juu, uzifunike kwa udongo mwembamba na nyasi kidogo.

h) Mbuzi. Titonia ni chungu, lakini mbuzi haogopi uchungu wa chipukizi changa. Zuia mbuzi mpaka miti ipate nguvu.

4. CHAKULA CHA UDONGO

Sasa tufike kwa kundi la bustani. Je, walikuwa na haki ya kutaka majani? Walikuwa nayo.

Miaka ya 1990, watafiti wa ICRAF, kituo cha uchunguzi wa miti na kilimo chenye makao Nairobi, pamoja na wenzao wa Kenya, walijaribu titonia katika mashamba ya Kenya ya magharibi, sehemu za Maseno. Maseno pia iko juu ya Ekweta sawa na kwetu, na wakulima wa huko wana mashamba madogo yaliyochoka. Matokeo yaliyoandikwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba majani ya kijani ya titonia, yakikaushwa, yana azoti karibu 3,5 kwa mia, fosfori karibu 0,37 kwa mia, na potasiumu karibu 4,1 kwa mia. Kwa jani la kichaka cha kando ya barabara, hiyo ni mali nyingi. Tena yanaoza upesi: nusu ya azoti yake inatoka katika muda wa karibu wiki moja.

Tufanye hesabu. Majani mabichi, karibu sehemu nne katika tano ni maji. Kwa hiyo kilo 50 za majani mabichi ni kilo 10 za majani makavu. Ndani yake mna:

- azoti: gramu 350
- fosfori: gramu 37
- potasiumu: gramu 410

Tulinganishe na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya dukani, ulioandikwa 17-17-17. Azoti yake ni kilo 8,5. Ukigawanya kwa gramu 350, unapata mizigo 24 ya majani, kila mzigo kilo 50. Kwa fosfori tuwe na akili: namba ya katikati ya mfuko inahesabu fosfori pamoja na oksijeni yake (P2O5). Fosfori peke yake ni karibu kilo 3,7. Gawanya kwa gramu 37, unapata mizigo 100!

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: titonia ina azoti na potasiumu ya kutosha, lakini fosfori yake ni kidogo ukiilinganisha na mfuko. Kwa hiyo usiiache peke yake. Uichanganye na samadi ya ngombe, ya mbuzi ao ya kuku. La pili: kazi ni nzito. Mizigo 24 juu ya mabega, ao juu ya chukudu, si mchezo. Watafiti wale wale waliona kwamba mkulima anapata faida zaidi akitia majani katika mboga za kuuza kuliko katika shamba kubwa la mahindi. Basi tuyapeleke katika vitalu vya shu, lengalenga, vitunguu na nyanya.

Namna ya kuyatumia ni hizi:

Kwanza, kuzika mabichi. Chukua majani na ncha laini tu, uache mashina ya mti, kwa maana yanachelewa kuoza. Katakata kwa panga, tandaza juu ya kitalu, changanya na udongo wa juu kwa jembe. Ngojea karibu wiki moja, ndipo upande.

Pili, kutia katika shimo la komposti. Tia tabaka la majani ya titonia, tabaka la majani makavu ya mandizi ao nyasi, samadi kidogo, kiisha rudia. Titonia inasaidia vile vikavu vioze upesi.

Tatu, mbolea ya maji. Jaza majani katika pipa ao ndoo kubwa, tia maji, funika, ngojea karibu wiki mbili, ukikoroga mara kwa mara. Harufu itakuwa mbaya. Usiweke karibu na darasa. Changanya na maji mengine mbele ya kumwagia miguu ya mboga.

Kwa wengi wetu mambo haya si ya darasani tu. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa sehemu za Beni walikimbia mashamba yao kwa sababu ya mauaji. Wengine wanaishi Butembo katika nyumba za kupanga, na shamba lote waliobaki nalo ni kipande nyuma ya nyumba, kisichozidi darasa moja. Mtu wa namna hiyo hawezi kulaza udongo wake upumzike. Sherti alime pale pale kila mvua. Kwake majani ya kando ya barabara ni mbolea isiyonunuliwa. Lakini aombe ruhusa kwa mwenye lupango, maana lupango ya mtu ni ukuta wake.

5. TUSIDANGANYIKE

Mmoja wetu aliandika katika karatasi yake: "Titonia inatengeneza azoti." Hapana. Maharagi na jamaa yake ndiyo yanaweza, kwa msaada wa bakteria wanaokaa katika vifundo vya mizizi. Yanachukua azoti ya hewa. Titonia si ya jamaa ile. Yeye anakusanya: mizizi yake inaokota chakula pale iliposimama, inakiweka katika majani. Tukikata majani tukayapeleka bustani, tumehamisha chakula kutoka lupango kwenda bustani. Hatukuumba kitu.

Maana yake ni nini? Kama tunakata kila mvua, mwaka kwa mwaka, bila kurudisha kitu, siku moja lupango itakuwa maskini, miti itakuwa myembamba, na majani yatakuwa machache. Kwa hiyo mashina yaliyobaki, majivu ya jikoni na uchafu wa kufagia uwanja tuvirudishe chini ya lupango. Anayekula na asiyerudisha atakuta sahani tupu.

6. TUYAKATE AO TUYAACHE?

Sasa turudi kwa ugomvi wetu. Tunapashwa kwanza kukiri kosa. Mwaka uliopita, mwezi wa sita, tulikata lupango yote mpaka chini, siku moja. Furaha ilikuwa kubwa, vitalu vilijaa majani. Lakini mvua ilikuwa imekwisha. Lupango ilibaki vijiti vitupu kwa majuma mengi. Mbuzi za majirani zikapita, zikamaliza shu tulizokuwa tunataka kulisha. Tena mvua kubwa ya kwanza iliposhuka, hakukuwa kitu cha kuizuia. Udongo wa juu wa bustani, pamoja na majani tuliyozika, ulikwenda mpaka barabarani. Mama mmoja muuza mandizi alitusemesha: "Watoto wa masomo, mulilima barabara?" Tulinyamaza.

Kosa halikuwa kukata. Kosa lilikuwa kukata yote, na kukata wakati mbaya.

Angalia ginsi mti unavyofanya kazi. Majani ni mazuri zaidi kwa udongo yakiwa bado laini, mbele ya maua. Mti ukianza maua, nguvu nyingi inakwenda katika ua, mbegu na shina gumu. Tena ua la titonia linatoka kwenye ncha ya tawi lililokua mvua ile ile. Ukikata ncha katikati ya mvua, umepata mbolea lakini umekosa maua. Ukiacha ncha, umepata maua lakini majani yamekuwa magumu. Hakuna namna ya kupata vyote viwili juu ya tawi moja. Ndiyo maana makundi yote mawili yalikuwa na haki, na ndiyo maana hawakuweza kupatana: wote walizungumza juu ya tawi moja. Lakini lupango yetu ina matawi mengi.

Basi tumepatana hivi, na Prefe amekubali:

- Upande wa mlango na wa njia ya wageni, hatukati wakati wa mvua. Tunaacha maua yatoke. Yakinyauka tu, tunakata, mbele ya mbegu kuanguka. Hapa tunafuata sheria ya forsythia, baada ya maua, ijapokuwa sababu si moja.

- Upande wa bustani, tunakata kila mvua mbele ya maua, mti mmoja tunakata, unaofuata tunaacha. Baada ya majuma machache tunakata ile iliyobaki. Hatushuki chini ya magoti, ili mti uwe na macho ya kuchipuka, na mbuzi wasione mlango.

- Upande wa mteremko, tunapunguza vichwa tu. Kazi yake ya kwanza ni kushika udongo.

- Mwezi wa sita na wa saba, panga linalala kwa upande wa bustani na wa mteremko.

Korali watapata maua yao. Wayakate asubuhi mapema, wayatie katika maji mara moja, kwa maana ua hili linalegea upesi.

Mmoja wa wazee wa kanisa alitusaidia kwa neno. Alitutuma kusoma Mwanzo 2:9, pale Mungu anapootesha miti katika bustani ya Edeni. Ndugu, soma polepole: miti ile inasifiwa kwanza kwa kupendeza macho, kiisha kwa kuwa chakula kizuri. Yote mawili yako katika mstari mmoja. Yule anayesema maua hayashibishi mtu amesoma nusu ya mstari. Na yule anayesema maua yasiguswe, naye amesoma nusu. Mlango wa 2:15 unatupa kazi: kulima na kutunza. Si kulima peke yake.

7. MAMBO YA KUEPUKA

Kwanza, dawa. Tunajua watu wanachemsha majani ya titonia na kunywa kwa homa ya malaria. Majaribio yaliyofanywa kwa panya yalionyesha kwamba maji ya majani haya yanaweza kuumiza ini na figo. Mwenye homa aende kupimwa damu hospitalini ao kwenye kituo cha afya. Somo letu ni la bustani, si la dawa.

Pili, kuenea. Titonia ikiachwa inatawala. Afrika ya Kusini, sheria inaihesabu kati ya mimea migeni yenye kusumbua ambayo watu wanapashwa kuizuia. Wenzetu wa Beni mnaokaa karibu na msitu, ao karibu na mipaka ya Pori ya Virunga, msiipande pembeni ya pori. Mahali ilipo, ikateni mbele ya mbegu. Usitupe matawi mabichi mtoni, kwa maana tawi linaweza kushika mizizi mahali maji yatakapoliacha.

MASWALI NA KAZI YA KUFANYA

1. Kwa nini forsythia haiwezi kutoa maua vizuri Beni? Jibu kwa sentensi mbili.

2. Mama analima kitalu cha lengalenga. Ametia kilo 25 za majani mabichi ya titonia. Ametia gramu ngapi za azoti? Na za potasiumu?

3. Eleza tofauti kati ya haragi na titonia kuhusu azoti.

4. Kazi ya kundi: tayarisha vitalu vitatu vya ukubwa mmoja. Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia majani ya titonia. Cha tatu tia titonia pamoja na samadi. Panda lengalenga siku moja katika vyote vitatu. Siku ya kuvuna, pima kila kitalu kwa mizani, andika. Usiandike ulichotamani, andika kile mizani inasema.

5. Kwa mwaka mzima, kila juma pili baada ya ibada, hesabu maua yaliyofunguka juu ya mti mmoja wa lupango ya kwenu, uandike pia kama mvua ilinyesha juma lile. Wa Butembo na wa Beni tulinganishe madaftari yetu. Hapo tutajua kwa macho yetu, si kwa kitabu cha Ulaya, printemps yetu inaanza tarehe gani.

Na yule mwenzetu wa mwaka wa tatu aliyechekwa darasani ndiye tumempa daftari la kwanza. Swali lake lilikuwa zuri kuliko kicheko chetu.

Bwana awabariki katika masomo na katika mashamba.

Kundi la Bustani na Korali, pamoja